Kabla hujanunua silikoni, geuza chupa
Silikoni hapa ni madini yanayouzwa kama kirutubisho cha kumeza, kwa ajili ya kucha na magoti. Mimi huanzia nyuma ya chupa, kwenye yale maandishi madogo. Ukikuta silikoni dioksidi tupu, irudishe: hiyo ni ndugu wa mchanga, na utumbo huifyonza kidogo mno. Tafuta asidi ya othosilisiki iliyoimarishwa kwa kolini, yaani silikoni ya aina ambayo utumbo huifyonza vizuri zaidi. Miligramu 5 hadi 10 kwa siku zinatosha, ila soma kiasi cha silikoni yenyewe, si uzito wa kidonge. Kucha hukua taratibu; zipe miezi kadhaa ndipo uamue. Kwa magoti, ushahidi bado ni haba, matangazo yanapiga chuku tu. Vidonge vya ekwisetamu, mmea unaouzwa kama chanzo cha silikoni, sivipendi, vina kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Mwenye figo dhaifu amwone daktari kwanza, kwani silikoni hutolewa kwa mkojo.