Mambo ya kuweka sawa kabla hujaingiza pointi za mpima kwenye modeli ya jengo

Programu za usanifu hazibishi. Ipe Revit au Archicad namba za hovyo, itakuchorea kilima kizuri chenye kivuli na rangi ya kijani, na mteja wako wa Goba atakisifia. Ubishi utaanza siku fundi anachimba msingi na kukuta ardhi iko mita nzima chini ya ulivyochora. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla ya kugusa kitufe cha kuingiza faili, na inaanzia kwenye mazungumzo na mpima.

Zungumza naye kabla hajabeba vifaa. Wateja wengi wameshalipia upimaji wa mipaka na wanadhani umetosha, kumbe ramani waliyonayo ina bikoni na namba zake tu, haina mwinuko hata mmoja. Mwambie mpima unataka pointi za miinuko, halafu mwambie ziishie wapi. Hapa mimi huwa sikubali kupunguziwa: zisiishie kwenye ukuta wa kiwanja. Barabara za mitaa yetu hujazwa kifusi, baadaye lami inamwagwa juu yake, na nyumba iliyokuwa juu ya barabara inajikuta bondeni. Kwenye maeneo tambarare kama Mikocheni, sentimita 30 kati ya barabara na sakafu zinaweza kuamua kama maji ya masika yatapita nje au yataingia sebuleni. Kwa hiyo omba mwinuko wa katikati ya barabara, wa kingo zake, wa chini kabisa ya mtaro, wa sakafu ya kalavati lililo karibu, na wa ardhi ya majirani mita chache nyuma ya ukuta. Mpima atalalamika kwamba bei inapanda. Ipande tu.

Kama kiwanja kinapakana na mto au bahari, ukingo nao upimwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na mita hizo hazihesabiwi kwa kukisia kwenye picha ya setilaiti.

Na hiyo setilaiti yenyewe, tuielewe. Kuna wanaochota miinuko ya bure mtandaoni na kuiita ramani ya kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Data maarufu za SRTM zilikusanywa Februari 2000 kutoka kwenye chombo cha anga, zikiwa na pointi moja kila mita 30 hivi. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kitaambulia pointi moja, mbili ukibahatika, tena huenda zimesoma kilele cha mwembe badala ya udongo. Zinafaa kuonyesha bonde la Msimbazi limelalaje. Kupangia ngazi za mbele ya nyumba, hapana.

Wingi wa pointi peke yake hautoshi, kwa sababu programu huunganisha pointi zilizo jirani kwa pembetatu bila kujua kati yake kuna nini. Ukuta wa kuzuia udongo kule Kimara, wenye pointi juu tu, utageuka mteremko laini. Mtaro uliopimwa kingo bila sakafu utafukiwa. Mpima achukue pointi juu na chini ya kila mahali ardhi inapokatika ghafla, na akupe mistari inayofuata kingo hizo. Aandike pia kila pointi ni ya nini, ili zile za juu ya ukuta, juu ya mfuniko wa chemba au kwenye baraza la nyumba ya zamani uzitoe kabla hazijageuka vichuguu.

Faili likifika, lifungue kwanza kama maandishi ya kawaida na ulisome kwa macho. Mstari mmoja unaweza kuwa hivi:

27,9248315.412,531207.866,14.238,MTARO

Yaani namba ya pointi, kaskazini, mashariki, mwinuko, maelezo. Wapima wengi hupanga hivyo. Revit yenyewe inataka x, y na z zitangulie, zikitenganishwa kwa koma. Ukiiachia mstari huo kama ulivyo, itachukua 531207 kuwa ndio mwinuko, na kiwanja chako kitaelea kilomita 531 angani, juu kuliko Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kosa hilo utaliona mara moja. La hatari ni lile la kufuta namba ya pointi ukasahau kubadilishana mashariki na kaskazini: ardhi inatokea, inaonekana sawa, ila imegeuzwa, na mteremko wa kwenda mtaroni sasa unaelekea kwa jirani. Hakikisha pia kipimo ni mita pale programu inapouliza. Ukipewa kontua za DWG (faili la michoro la AutoCAD) badala ya pointi, bofya mstari mmoja uangalie kama una mwinuko kweli. Mara nyingi yote iko sifuri na namba zimeandikwa pembeni kama maneno.

Kisha uliza miinuko imeanzia wapi. GPS hupima kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, na hapa Dar umbo hilo liko zaidi ya mita 20 juu ya usawa wa bahari. Kiwanja kilicho mita 10 juu ya bahari kikisomeka hasi, mpima hajakosea kupima, hajageuza tu namba zihesabiwe kutoka usawa wa bahari. Wengine huanzia mita 100.000 waliyoipachika wenyewe kwenye kona ya kalavati. Inakubalika, mradi kila mchoro, ukiwemo wa injinia wa maji taka, utumie 100 hiyo hiyo.

Kwa ramani, hakikisha kama namba za mashariki na kaskazini ni za Arc 1960 au WGS 84, mifumo miwili tofauti ya kutaja mahali duniani. Viwanja vingi vya zamani viko kwenye Arc 1960, na ukichanganya hizo mbili bikoni zitahama takriban mita 300. Kaskazini haina shida sana: Dar iko karibu na mstari wa 39 mashariki, ulio katikati ya zoni ya 37 ya gridi ya ramani (UTM), hivyo kaskazini ya gridi na kaskazini halisi karibu zinalingana.

Namba za mamilioni nazo huisumbua programu. Revit haitaki vitu vikae zaidi ya kilomita 16 kutoka chanzo chake cha ndani, yaani sifuri yake. Punguza 531000 upande wa mashariki na 9248000 upande wa kaskazini, au tumia mpangilio wa pointi ya upimaji (Survey Point) ndani ya Revit, na uandike ulichopunguza. Mwinuko usiuguse. Kubalianeni pia toleo: kuanzia Revit 2024 ardhi ni toposolidi yenye unene, na faili la toleo jipya halifunguki kwenye la zamani.

Modeli ikishakaa, toa mchoro wa mkato kutoka barabarani hadi ukuta wa nyuma, uuchape, uende nao kiwanjani na mpira wa maji wa kupimia usawa. Pima sehemu tatu ambazo mpima hakuzigusa. Zikipishana na modeli kwa zaidi ya sentimita 10, mpigie mpima kabla hujachora nguzo hata moja.