Kusahihisha Kazi za Darasa la Wanafunzi 80

Daftari 80, dakika 3 kila moja: hizo ni saa 4 kwa zoezi moja tu. Ndiyo maana alama ya vema huwekwa bila kusoma, na mwanafunzi hubeba kosa lile lile hadi mtihani.

Dakika 5 kabla ya kipindi kwisha, andika ubaoni swali moja linalogusa kiini cha somo. Kila mmoja ajibu kwenye robo ya karatasi, aandike jina, akukabidhi mlangoni. Wanaokaa jirani hunakiliana, kwa hiyo swali la safu moja liwe na namba tofauti na la safu ya pili.

Gawa majibu mafungu matatu bila kuandika chochote: walioelewa, waliokosea hatua moja, waliopotea. Kwa sekunde 10 kila karatasi, darasa zima halifiki dakika 15. Fungu la tatu likizidi theluthi ya darasa, mafundisho hayakueleweka. Rudia kwa mfano mwingine, usiwalaumu. Likiwa dogo, kaa nalo dakika 10 wengine wakifanya zoezi.

Kosa lililojirudia zaidi liandike ubaoni mwanzoni mwa kipindi kinachofuata, wanafunzi walitafute wawili wawili. Usimtaje aliyelifanya kamwe: akiaibishwa mara moja, ataanza kuacha karatasi tupu.

Daftari nazo zisomwe, ila 16 kwa siku. Kwa siku 5 kila mwanafunzi atakuwa amefikiwa.