Kabla ya kupiga sikio na shingo kwa CT ya kuhesabu fotoni

Katika CT za kawaida, mashine za eksirei zinazopiga mwili vipande vipande, mionzi hugonga fuwele, fuwele hutoa mwanga, ndipo mwanga ugeuzwe umeme. Kigunduzi cha kuhesabu fotoni hakina mzunguko huo: kadimiamu teluraidi hugeuza kila fotoni, yaani chembe ya mionzi, kuwa umeme papo hapo na kupima nishati yake. NAEOTOM Alpha ya Siemens Healthineers, iliyoruhusiwa Marekani Septemba 2021, hufikia vipande vyenye unene wa milimita 0.2. Ubora huo hupotea kirahisi kwa maandalizi mabovu.

Kwa sikio, anza na hesabu ya pikseli. Upana wa picha ukiwa milimita 200 na matriksi (idadi ya pikseli kila upande) 512, pikseli moja ni karibu milimita 0.4. Stepisi, kifupa cha sikio la kati chenye urefu wa milimita 3 hivi, itaonekana kama ukungu na lawama zitaiangukia mashine. Punguza upana hadi 100, sikio moja moja, au tumia matriksi ya 1024, pamoja na kerneli kali ya mfupa (kichujio kinachonoa picha). Picha ya 1024 ina megabaiti 2 hivi. Sentimita 6 za vipande vya 0.2 ni picha 300, yaani megabaiti 600. Hakikisha seva ina nafasi.

Kichwa kikisogea nusu milimita tu, umeshavuka vipande viwili. Funga mkanda wa paji la uso na wa kidevu, jaza sponji pembeni, kisha inamisha kidevu ili macho yakwepe mionzi.

Hereni, vibanio, cheni, vifaa vya kusikia na meno ya bandia ya kutoa vivuliwe. Meno yaliyozibwa kwa chuma hayavuliki: tengeneza picha za keV (kipimo cha nishati ya mionzi) 100 kwenda juu kupunguza michirizi. Ila huko ayodini, dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mshipani, hufifia, kwa hiyo uvimbe usomwe kwenye keV 40 hadi 60. Itifaki isipotunza data za spektra (nishati za fotoni), huwezi kurudi nyuma. Ulimi ukiwa bado umefunikwa na michirizi, rudia eneo hilo tu, mdomo wazi.

Kwa shingo, uliza mzio na matokeo ya figo. eGFR (kipimo cha uchujaji wa figo) ikiwa chini ya 30 daktari aamue kwanza. Kanula, mrija wa kuingizia dawa mshipani, iwe mkono wa kulia, maana dawa ikipitia kushoto hukatiza juu ya kifua na kuacha michirizi. Mabega yashushwe, na asimeze mate wakati wa kupiga.

Mwisho, kalibresheni ya asubuhi. Pikseli moja mbovu ya kigunduzi huchora pete kwenye picha. Ukiiona kwenye fantomu (kifaa cha majaribio kinachopigwa badala ya mgonjwa), rudia kalibresheni kabla ya kumwita mgonjwa.