Jenga maktaba yako ya kifundi kabla bando halijakata

Meza yangu ya kazi ya elektroniki iko Kirumba hapa Mwanza. Vijana wanaokuja kujifunza, wengine wakitoka Nyakato na Igoma, wengine wamevuka kutoka Ukerewe, wengi wao huanza kwa kuniuliza video ya kuangalia. Video siwakatazi. Ila cha kwanza ninachowapa ni flashi yenye datashiti, yaani hati ya mtengenezaji wa chipu mwenyewe, pamoja na miongozo ya lugha za programu. Siku ukiwa juu ya kizimba cha samaki katikati ya maji, mtandao haushiki na mteja amesimama pembeni anasubiri, kilichomo kwenye laptopu yako ndicho utakachofanyia kazi.

Kuitafuta hati kuna njia yake. Ukiandika jina la chipu kwenye intaneti, kwanza zinakuja tovuti za watu wa kati, na nyingi zina toleo la zamani. Nenda kwa anayeimiliki chipu leo, maana kampuni hizi zimenunuana sana. Atmel, waliotengeneza ATmega328P ile iliyo kwenye Arduino Uno, bodi ndogo ya kuprogramu, walinunuliwa na Microchip mwaka 2016. National Semiconductor imo ndani ya Texas Instruments tangu 2011. Linear Technology iliingia Analog Devices mwaka 2017, Maxim ikafuata 2021. Kwa hiyo sensa ya joto DS18B20, ambayo herufi zake mbili za mwanzo zinatokana na Dallas Semiconductor, kampuni iliyonunuliwa na Maxim, leo hati yake unaikuta Analog Devices. Kwa ESP32, ile chipu yenye Wi-Fi, nenda Espressif moja kwa moja, na uchukue datashiti pamoja na ule mwongozo mkubwa wa rejea. Ya kwanza haikuelezi rejista zote, yaani vijisehemu vya kumbukumbu ndani ya chipu. Chukua na orodha ya kasoro. Watengenezaji wenyewe huandika makosa yaliyobaki ndani ya chipu na namna ya kuyakwepa, na inasikitisha jinsi mafundi wanavyoipita hati hiyo.

Hati ikishafunguka, usiisome kama gazeti. Anza na majedwali mawili: la vikomo vya juu kabisa na la hali ya kawaida ya kazi. Wengi huyachanganya. ATmega328P ina kikomo cha volti 6.0 na miliampea 40 kwa mguu mmoja, lakini kazi yake inafanywa kati ya volti 1.8 na 5.5. Kikomo maana yake ukikizidi unaweza kuiua chipu. Si kiwango cha kufanyia kazi kila siku. Sasa chukua ile rilei ndogo ya bluu ya volti 5, yaani swichi inayowashwa kwa koili. Koili yake ina omu 70 hivi, kwa hiyo inavuta karibu miliampea 70, kupita kikomo cha mguu. Kwa hesabu hiyo tu unajua kwamba lazima uweke transista katikati, na diodi ya kuilinda, kabla hujachoma kitu. Kwenye majedwali ya umeme utakuta safu tatu: cha chini, cha kawaida, cha juu. Betri na waya zako zipigie hesabu kwa safu ya cha juu.

Sasa mfano ninaoupenda kuufundishia, kwa sababu unahitaji hati mbili tofauti. Wafugaji wa sato kwenye vizimba wanataka kujua joto la maji, na DS18B20 iliyofungwa ndani ya bomba la chuma inafaa. Datashiti inasema inapima kuanzia nyuzi -55 hadi 125, na kati ya -10 na 85 haikosei zaidi ya nusu nyuzi. Inakuonyesha pia rezista ya kiloomu 4.7 kutoka waya wa data kwenda kwenye volti. Inakupa hata mfano wa hesabu: namba 0191 ya heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16) ni 401, gawa kwa 16, unapata nyuzi 25.0625. Hilo ni joto linaloendana kabisa na maji yetu ya juu ya ziwa.

Kisha siku moja kiboksi chako cha kusomea sensa kinaonyesha 85. Maji ya nyuzi 85 yangeshawapika samaki wote. Kijana mwenye video atabadilisha sensa. Mwenye datashiti atakuta maelezo madogo chini ya jedwali la joto: 85 ndiyo thamani inayokaa kwenye rejista sensa inapowashwa. Maana yake sensa haijamaliza kupima. Ama programu imesoma mapema, kwa sababu kipimo cha biti 12 kinaweza kuchukua hadi milisekunde 750, ama umeme umeyumba kwenye waya mrefu na sensa ikaanza upya. Kagua hayo mawili kabla ya kununua spea.

Na ikionyesha -127? Kwenye datashiti namba hiyo huipati. Fungua msimbo wa DallasTemperature, maktaba ya programu (msimbo ulio tayari) ya kusomea sensa hii, kwenye faili la kichwa lenye .h, na utaona imeandikwa kama ishara kwamba sensa haipatikani. Hapo unarudi kwenye viungio na kutu. Ndiyo maana nasema msimbo wa maktaba unayotumia nao ni hati. Ukiinakili kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, unapata historia yake yote, na unaweza kutafuta neno lolote ndani yake kwa amri ya grep bila mtandao.

Kwa upande wa programu, weka Zeal, programu ambayo inahifadhi miongozo ya C, Python na mingine mingi kwenye kompyuta. Weka na Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila mtandao. Ndani yake utapakua maswali na majibu ya Stack Exchange ya elektroniki pamoja na Wikipedia. Mafaili yake ni makubwa, kwa hiyo yasubirie bando la usiku au yanakili kwa mwenzako. Michoro ya saketi fanyia programu ya KiCad, ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti.

Kila faili lipe jina la chipu, la mtengenezaji na namba ya toleo, halafu weka nakala kwenye flashi ya pili. Kurasa za miguu na za vikomo za chipu unazotumia kila wiki zipeleke kwa watu wa fotokopi, uzibandike ukutani mbele ya meza, toleo limeandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito. Likitoka jipya, bandua la zamani siku hiyohiyo.