Ukijaza Neno, Lieleze

Kibandani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, nashona nguo. Jioni kazi ikipungua nachora vijumba vya chemshabongo mezani kwa chaki ya kukatia. Dada muuza dagaa wa mlango wa pili huja na kigoda chake, tunaanza. Sharti ni moja: ukijaza neno, lieleze.

Chemshabongo ya kawaida inakuuliza mji mkuu wa nchi fulani. Unaujua au huujui. Ile ya mafumbo, iliyokulia Uingereza miaka ya 1920, karibu kila kidokezo kina vipande viwili. Kimoja kinataja maana ya jibu, kingine kinakuonyesha jinsi ya kulipata kwa herufi. Maana hukaa mwanzoni au mwishoni, kamwe si katikati. Basi usikisome kama habari. Kikate kwanza, ujue maana iko pindo gani.

Chukua hiki: "Semewa, vurugika, uwe mafuta mekundu (6)." Sita ni idadi ya herufi. Maana iko mwishoni, na "vurugika" inakuagiza uzipange upya. Ziandike S, E, M, E, W, A kwa duara, kwa sababu zikikaa kwenye mstari jicho linaendelea kuona neno lilelile. Zungusha: MAWESE.

Ukiambiwa kurudi nyuma, soma kuanzia mkiani. "Inama ukirudi nyuma, upate utulivu (5)": AMANI. Kinyume tulichocheza utotoni ni kingine, chenyewe hugeuza silabi: "Wazi kwa kinyume, maskani ya Liemba (4)" ni ZIWA. Liemba ni meli ya hapa Ziwa Tanganyika; iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, mwaka uleule Arthur Wynne, mbunifu wa chemshabongo ya vijumba, alipochapisha chemshabongo yake ya kwanza New York. Napenda sana kuwasimulia wateja hilo.

Vingine ni maana mbili tu: "Nuru, na mchawi wa usiku (6)." Mtaa wetu huo.

Ninavyovipenda zaidi ni vya kuficha. Nilimtungia dada hiki: "Dada, gaagaa na upwa: ndani mna kitoweo (5)."

"Dagaa!" akasema papo hapo.

"Eleza, dada."

"Si ndicho kitoweo cha upwani? Mgaagaa na upwa hali wali mkavu."

"Hiyo ni nusu. Herufi ziko wapi?"

Akanyamaza. Akaziba "da" ya mwanzo kwa kidole gumba, akaziba "gaa" ya mwisho kwa kiganja. Katikati zikabaki: DA GAA. Akahesabu tano, akapiga meza hadi chaki ikaruka.

"Fundi! Kumbe amelala wazi namna hii!"

Tangu hapo hakubali jibu la kubahatisha, hata langu. Asubuhi yake, sijafunua hata cherehani, nikakuta ameandika mezani: "Salia ovyo, upate utamu wa Tabora (5)."

"Jaza, fundi," akaita toka mlangoni kwake. "Halafu ueleze."