Kabla Hujapanda Puto Ugenini: Mwongozo kwa Watu wa Mombasa Walioko Nje

Msimu wa likizo ukikaribia, simu za Mombasa hujaa picha za maputo ya Kapadokia, eneo la Uturuki. Kijana yuko Manchester, anaunganisha ndege Istanbul akija nyumbani, na anaona heri ashuke Uturuki siku mbili, apande puto la hewa moto, kisha aendelee na safari ya harusi ya dadake. Mpango ni mzuri, ila puto ameliweka asubuhi ya mwisho, na jioni yake ana ndege. Hapo ndipo wengi wanapokosa puto na ndege pia, au wanafika Mombasa na kinyongo.

Puto halina usukani wala injini ya kulisukuma. Rubani ana moto wa gesi tu. Akiuwasha, hewa ya ndani hupata joto la karibu nyuzi 100, inakuwa nyepesi kuliko ya nje, na puto linapanda. Akiuzima, hewa inapoa na puto linashuka. Kwenda huku au kule ni kazi ya upepo, na kwa kuwa upepo wa juu mara nyingi hauelekei upande mmoja na wa chini, yeye hupanda na kushuka akitafuta unaomfaa. Aliyekulia Mji wa Kale hahitaji kuelezwa zaidi: majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, na nahodha aliyekaa bandarini kungoja upepo hakulaumiwa na mtu.

Ndiyo maana nasema panga siku kwanza, pesa baadaye. Kapadokia, ruhusa ya kuruka hutolewa na mamlaka ya anga ya Uturuki kila alfajiri. Ikikataliwa, hakuna puto linaloruka, hata anga iwe nyeupe pe. Miezi ya baridi safari zinaweza kuahirishwa siku kadhaa mfululizo. Lala Göreme, mji mdogo wa Kapadokia, angalau siku tatu na uweke nafasi asubuhi ya kwanza, ili ikiahirishwa usogezwe kesho yake. Kumbuka pia kwamba kutoka Istanbul bado una ndege ya saa moja na kidogo hadi Kayseri au Nevşehir, kisha gari.

Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi: safari ikivunjwa kwa hali ya hewa, narudishiwa pesa zote? Kikapu kinabeba watu wangapi? Tunakaa juu muda gani? Kisha soma bima yako ya safari, kwa sababu bima nyingine huliweka puto kwenye michezo ya hatari na hazilipi chochote. Bei ya kampuni ikiwa chini mno kuliko ya wenzao, mimi ningeiacha. Februari 2013 kule Luxor, Misri, puto lilishika moto likiwa linatua, na watu 19 wakafariki. Ajali za namna hiyo ni chache, lakini zinatosha kukufanya uchague kampuni yenye leseni na usimbembeleze rubani aruke siku aliyosita.

Kuhusu mavazi, nawasemesha hasa mama na dada zetu. Kikapu ni cha henzerani, ukuta wake unafika kifuani, na mara nyingi hakina mlango: unapanda kwa kutia mguu kwenye matundu yaliyoachwa ubavuni. Buibui refu litakusumbua hapo. Vaa suruali pana ndani na kitu kifupi kidogo juu, viatu vya kufunga, na mtandio uliobanwa vizuri, bila ncha za kupepea. Moto uko juu ya vichwa vyenu, basi kofia itawafaa walio warefu. Alfajiri ya Kapadokia ina baridi hata kiangazi, na aliyezoea joto la Mombasa ataihisi mara mbili. Hakuna choo kikapuni, kwa hiyo chai ya asubuhi iwe nusu kikombe.

Gari la kukuchukua huja kungali usiku. Kiangazi, Alfajiri huwa imeshaingia kabla hujatoka hotelini, kwa hiyo unaswali chumbani kwa utulivu. Kipupwe jua huchelewa, na wakati wa swala unaweza kukukuta uwanjani puto likijazwa hewa. Nenda na udhu wako na msala mdogo, na umwambie dereva mapema.

Mkiwa juu utashangaa kwamba hakuna upepo usoni. Puto linakwenda pamoja na upepo, kwa kasi ileile, na moto ukizimwa unasikia mbwa wakibweka kijijini chini. Wengi wanaoogopa roshani za ghorofa hujikuta wametulia. Ukiona kizunguzungu, tazama mbali, usitazame chini ya miguu.

Kutua ndiko kunakotaka makini. Rubani atawaonyesha kabla ya kuruka: simu mfukoni, mgongo uelekee mnakokwenda, magoti yakunjwe, mikono ishike kamba za ndani. Kikapu kinaweza kuburuzwa kidogo au kulala ubavu. Usitoke mpaka uambiwe, maana mmoja akiruka nje uzito unapungua na puto linaweza kunyanyuka tena na wenzake. Mjamzito asipande kabisa. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au mwenye mgongo mbovu, amuulize daktari wake kwanza.

Baadaye huletwa shampeni, desturi iliyoanzia Ufaransa, ambako watu walipaa kwa puto mara ya kwanza mwaka 1783. Omba juisi, wamezoea kuombwa.

Na safari ikivunjika kote huko, ujue Masai Mara maputo yanaruka tangu 1976. Pwani yetu haifai, kwa kuwa upepo ungekupeleka baharini, lakini kuna ndege ndogo kutoka Ukunda hadi Mara. Julai hadi Oktoba, nyumbu wakiwa wamevuka, nafasi hujaa mapema. Uliza kama wana bei ya raia, na ubebe kitambulisho chako cha Kenya hata kama umekaa nje miaka mingi.