Jinsi ya Kuomba na Kuendesha Mwaka wa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya

Cheo cha Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya, ambacho Umoja wa Ulaya huupa mji kwa mwaka mmoja, hutolewa kwa mpango ulioandikwa. Makanisa ya kale, makumbusho yaliyosheheni na historia ya miaka elfu moja havileti alama kwa kuwapo tu. Jopo la wataalamu wanaochagua mshindi linatafuta jibu la swali moja: mji huu unataka kugeuka kuwa nini, na utamaduni utaufikishaje huko? Katika mashindano ya Ujerumani ya kugombea cheo cha mwaka 2025, Dresden, mji unaojulikana duniani kwa sanaa, ulitolewa kwenye mchujo wa kwanza. Aliyeshinda ni jirani yake Chemnitz, mji wa viwanda ulioitwa Karl-Marx-Stadt kuanzia 1953 hadi 1990, ambao wengi hupita bila kusimama.

Wazo lenyewe lilitoka kwa Melina Mercouri, waziri wa utamaduni wa Ugiriki, na Athens ikawa ya kwanza mwaka 1985. Siku zile ilikuwa sherehe ya kiangazi ya miji ambayo tayari ilikuwa na jina. Glasgow ya Scotland ndiyo iliyogeuza mambo mwaka 1990: mji wa karakana za meli uliopoteza kazi ulikitumia cheo kubadilisha sura yake kwa mwaka mzima. Tangu hapo waombaji wengi wamekuwa wakifuata njia hiyo.

Anza na zamu ya nchi

Mji hauombi wakati wowote unapojisikia tayari. Uamuzi namba 445/2014 wa Umoja wa Ulaya umezipanga nchi kwa zamu kuanzia 2020 hadi 2033. Kwa kawaida nchi mbili wanachama hupata nafasi kila mwaka, na katika baadhi ya miaka huongezwa mji wa tatu kutoka nchi inayosubiri kujiunga na Umoja, au kutoka nchi kama Norway iliyo ndani ya Eneo la Uchumi la Ulaya. Ndivyo Bodø ilivyoshika cheo mwaka 2024 pamoja na Tartu ya Estonia na Bad Ischl ya Austria.

Ukishajua mwaka wa nchi yako, hesabu kwa kurudi nyuma. Tangazo la kuita maombi hutolewa angalau miaka 6 kabla ya mwaka wenyewe, na miji hupewa miezi isiyopungua 10 kuandika. Mchujo wa kwanza hufanyika kama miaka 5 kabla. Uteuzi wa mwisho hufuata ndani ya miezi 9 baada ya mchujo, na mshindi hutangazwa rasmi angalau miaka 4 kabla.

Mji unaoanza kufikiri siku tangazo linapotoka umeshachelewa. Sheria inadai kwamba wakati wa kuomba uwe tayari na mkakati wa utamaduni wa muda mrefu uliopitishwa na baraza la madiwani, wenye hatua zinazoendelea hata baada ya mwaka wa cheo. Mkakati wa kweli huchukua mwaka mmoja au miwili ya vikao na wasanii, shule, wafanyabiashara, maktaba na mitaa ya pembezoni. Mkakati ulioandikwa na mshauri wa kukodi ndani ya wiki sita hujulikana haraka: jopo likimuuliza meya mstari mmoja tu uliomo, anamgeukia mshauri.

Thibitisha pia kwamba nchi yako itaendelea kuwa na haki ya kuomba. Leeds, Dundee, Nottingham, Milton Keynes na Belfast, iliyoungana na Derry na Strabane, ziliandika maombi ya mwaka 2023. Novemba 2017, zikiwa zimeshayawasilisha, Tume ya Ulaya ilieleza kwamba Uingereza haistahili tena kwa sababu inajitoa kwenye Umoja. Leeds iliamua kufanya mwaka wake yenyewe bila cheo, na iliweza kwa sababu kazi ya mkakati ilikuwa imefanyika.

Kitabu cha maombi

Maombi ni kitabu. Katika mchujo wa kwanza hakizidi kurasa 60, na kwa miji iliyobaki kitabu cha pili hakizidi 100. Kinasomwa na jopo la wataalamu 10 wa Ulaya: 3 huteuliwa na Bunge la Ulaya, 3 na Baraza la Umoja, 3 na Tume, na mmoja na Kamati ya Mikoa. Nchi mwenyeji inaweza kuongeza wawili. Vigezo ni sita: mchango kwa mkakati wa muda mrefu, sura ya Ulaya, maudhui ya utamaduni na sanaa, uwezo wa kutekeleza, kuwafikia watu, na usimamizi.

Kinachoangusha miji mingi ni sura ya Ulaya. Waandishi huorodhesha bendi za kigeni watakazozialika na miji dada waliyopeana nayo barua, wakidhani wamemaliza. Jopo linataka suala ambalo mji wako unaliishi na ambalo wakazi wa miji mingine ya Ulaya wanalitambua kuwa lao pia. Chemnitz ilichukua magereji yake, yale mabanda ya magari yaliyojengwa kwa mikono ya wananchi enzi za ujamaa na yaliyokuja kuwa karakana, stoo na vijiwe vya majirani, ikayafanya mradi wa magereji 3,000. Mtu wa Poland au Slovakia akiyaona anakumbuka baba yake. Nova Gorica ya Slovenia iliomba pamoja na Gorizia ya Italia, kwa sababu mpaka uliochorwa mwaka 1947 ulikata uwanja wa mbele ya stesheni ya treni, na uwanja huo ndio uliobeba ombi lao la mwaka 2025.

Andika kwa namna ambayo jina la mji wako likifutwa na kuwekwa la mwingine, ukurasa haueleweki tena. Maneno kama “daraja kati ya tamaduni” yamo katika kila kitabu na hayamwambii msomaji lolote. Taja jengo, mtaa, mshirika aliyekwisha kukubali, mwezi wa kuanza na gharama.

Kabla ya uteuzi wa mwisho, wajumbe wachache wa jopo huja kuutembelea mji. Wapitishe kwa miguu mahali miradi itakapofanyika, wakutane na wale watakaoitekeleza, na chakula kiwe cha kawaida. Karamu ndefu ya meya inakula saa ambazo wangezitumia kuona kazi.

Fedha

Tenganisha mafungu mawili tangu ukurasa wa kwanza. La kwanza ni la kuendesha: programu, matangazo, mishahara na ofisi. La pili ni la ujenzi: kumbi, barabara, ukarabati. Yakichanganywa, gharama ya paa la ukumbi humeza fedha za wasanii na hakuna anayegundua mpaka mwaka wa tatu. Katika fungu la kuendesha, programu ichukue karibu theluthi mbili. Kinachobaki kigawanywe kati ya matangazo na utawala, na kabla ya kugawa chochote weka akiba ya dharura ya asilimia 5 hadi 10.

Ahadi za serikali kuu na mkoa ziwe za maandishi, zenye kiasi, mwaka wa kutolewa na saini. “Serikali itaunga mkono” haiwezi kulipa fundi wa taa. Hesabu pia kwamba kati ya ushindi na mwaka wa cheo kutakuwa na uchaguzi wa madiwani, pengine miwili. Vyama vyote barazani vipige kura ya kuunga mkono mpango kabla ya kuomba, la sivyo meya ajaye atauona kuwa mali ya mtangulizi wake na kuanza kuukata.

Wengi hukosea kuhusu fedha za Umoja wa Ulaya. Cheo hakiji na bajeti. Lipo Tuzo la Melina Mercouri la yuro milioni 1.5, na hulipwa kabla ya mwisho wa Machi wa mwaka wenyewe wa cheo, endapo tu jopo limeridhika kwamba mji umetimiza ulichoahidi. Kwa hiyo fedha hizo haziwezi kugharimia maandalizi. Aliyeziandika kwenye mapato ya mwaka wa pili ameshatengeneza pengo, na pengo hilo huonekana siku ya kulipa malipo ya awali ya wasanii.

Chombo cha kuendesha

Unda chombo chenye hadhi yake kisheria, iwe wakfu, chama au kampuni isiyo ya faida, ndani ya miezi michache baada ya ushindi. Ukiacha kazi ndani ya idara ya manispaa, kila mkataba wa mpiga ngoma utapita kwenye taratibu za zabuni zilizotungwa kwa ajili ya kununua lami. Meya anaweza kuongoza bodi, lakini mkurugenzi wa sanaa ndiye anayeamua kipi kinaingia kwenye programu. Uhuru huo jopo huuangalia kwa jicho kali, na ni mojawapo ya masharti ya tuzo.

Gawa madaraka kati ya mkurugenzi mkuu na mkurugenzi wa sanaa kwa maandishi: nani anasaini nini, mpaka yuro ngapi. Ugomvi wa wawili hawa unaweza kuharibu maandalizi kama upungufu wa fedha. Anza na watu 10 hadi 15. Wakati wa kilele idadi inaweza kuongezeka mara tano, na mikataba ya wahasibu na watu wa uzalishaji ivuke Desemba, kwa maana madai ya malipo huendelea kuja miezi sita baada ya onyesho la mwisho.

Jopo halikuachi. Litakuita miaka 3 kabla, miezi 18 kabla na miezi 2 kabla ya mwaka. Kikao cha miezi 18 ndicho kigumu zaidi. Hapo programu iwe imekamilika kwa sehemu kubwa, na fedha zionekane benki.

Majengo na hali ya hewa

Usiegemeze mwaka juu ya jengo jipya. Pécs ya Hungaria, mwaka 2010, ilikuwa na miradi mikubwa ya ujenzi. Ukumbi wa muziki wa Kodály ulifunguliwa Desemba ya mwaka huohuo, cheo kikiwa ukingoni. Košice ya Slovakia ilipita njia nyingine mwaka 2013: ilichukua vituo vya zamani vya kugawa joto katikati ya maghorofa ya makazi na kuvifanya vituo vidogo vya utamaduni, na bwawa la kuogelea lililoachwa likawa jumba la sanaa. Kwa watu wa maghorofani, utamaduni ukawa hatua mia moja kutoka mlangoni.

Kazi za sanaa za hadharani zipimwe na mhandisi asiye wa msanii. Mons ya Ubelgiji iliweka barabarani umbo kubwa la mbao. Sehemu yake ilianguka usiku wa kuamkia Krismasi 2014, wiki chache kabla ya ufunguzi. Na ufunguzi wenyewe huangukia Januari au Februari. Galway ya Ireland ilipanga wake nje, Februari 2020, ukafutwa kwa dhoruba. Mwezi uliofuata janga la korona likafunga mji, na cheo chake, pamoja na cha Rijeka ya Kroatia, kikaongezewa muda mpaka Aprili 2021. Kila tukio kubwa la nje liwe na tarehe ya pili iliyolipiwa, na bima isomwe na mwanasheria kabla ya kusainiwa.

Mwaka wenyewe

Usimwage kila kitu Januari. Gawa mwaka kwa misimu, acha wiki za kupumua, na weka tukio moja ambalo asiyeingia jumba la sanaa maisha yake yote atalihudhuria. Ruhr, eneo la viwanda la Ujerumani ambako mji wa Essen ulibeba cheo kwa niaba ya manispaa 53, ilifunga barabara kuu ya A40 tarehe 18 Julai 2010, ikapanga meza 20,000 kwa urefu wa kilomita 60. Watu wapatao milioni 3 walifika, wengine wakala, wengine wakapiga gitaa mahali ambapo malori hupita kila siku.

Bei iwe rahisi kueleza. Matera ya Italia, mwaka 2019, iliuza pasi moja ya yuro 19 ya kuingia matukio ya mwaka mzima.

Mkialika wasanii kutoka nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tuseme kundi la taarab la Zanzibar au wacheza ngoma wa Kampala, barua ya mwaliko itoke miezi mingi mapema. Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na miadi ya ubalozini huisha haraka. Kundi la watu 12 linaweza kubaki nyumbani kwa sababu ya wawili waliokosa karatasi.

Hesabu kabla na baada

Tathmini ianze kabla ya cheo, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha. Liverpool, iliyobeba cheo mwaka 2008, iliwapa vyuo vikuu viwili vya mji kazi ya kupima tangu 2005, na ndiyo maana iliweza kueleza kwamba mwaka ule ulileta ziara milioni 9.7 za ziada. Pima pia nani hakuja: mitaa gani, umri gani, na kwa nini.

Ripoti yako ya tathmini lazima ifike Tume ya Ulaya kabla ya tarehe 31 Desemba ya mwaka unaofuata. Weka kando fedha zake na mtu wake, maana ofisi nyingi hufungwa Machi na waliojua takwimu zilipo huwa wamekwisha kuondoka. Amua mapema pia nani atabaki na vifaa, orodha ya wanaojitolea na kumbi ndogo. Lille ya Ufaransa iliamua: chombo kilichorithi mwaka wake wa 2004, lille3000, bado kinaandaa misimu ya sanaa mjini.